Upepo wa Singida na baiskeli ya mzazi aliyevuka arobaini

Kiangazi kinapoingia Singida, kuanzia mwezi Juni, asubuhi za mji huu huwa na baridi inayowafanya watu wabaki na masweta hadi jua lipande vizuri. Barabara zinazoingia mjini kutoka Mtamaa, Unyambwa na Mwankoko huamka mapema. Baiskeli zinapita moja baada ya nyingine, na kwenye keria kuna matenga ya kuku wa kienyeji, madumu ya maziwa, magunia ya mkaa, vitunguu na, baada ya mavuno, alizeti inayopelekwa kukamuliwa mafuta. Wengi wa wanaoendesha si vijana. Wapo wanaume wa miaka hamsini na zaidi ambao walijifunza baiskeli wakiwa shule ya msingi na hawajawahi kuiacha.

Ukiingia katikati ya mji, picha inabadilika. Mtumishi wa ofisini, mwalimu au mwenye duka akishafika miaka arobaini huonekana kwa nadra juu ya baiskeli. Kama alikuwa nayo, imeegemezwa stoo, tairi hazina upepo na mnyororo umeshika kutu. Kazini anakwenda kwa bodaboda, hata kama ni mwendo wa robo saa. Jioni anarudi vilevile, anakaa, anakula, analala.

Tatizo ni kwamba wengi huiacha baiskeli katika umri uleule ambao mwili unaanza kuihitaji. Kwa mzazi mwenye watoto wanaosoma bado, jambo hili linagusa familia nzima.

Ngazi ya kwanza

Ili kuelewa kwa nini watu wanaiacha, ni lazima kuangalia baiskeli inasimama wapi machoni pa jamii. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya heshima kijijini. Mtu aliyenunua Phoenix mpya baada ya kuuza mazao alijulikana kijiji kizima. Kulikuwa hata na baiskeli iliyotengenezwa hapa nchini, Swala. Baiskeli ilibeba mgonjwa kwenda zahanati, ilibeba mbegu, ilimbeba bibi harusi.

Kisha pikipiki zikawa nyingi, na baiskeli ikashushwa ikawa ngazi ya kwanza tu. Siku hizi mtu huanza na baiskeli, akapata pikipiki, akijaliwa akanunua gari. Kurudi chini kwenye ngazi hiyo huonekana kama kuanguka. Mwalimu anayefika shuleni na baiskeli wakati wenzake wana pikipiki huulizwa, kwa upole kabisa, "Mwalimu, kwema? Usafiri umeharibika?" Mama wa miaka arobaini na tano akipita na baiskeli mtaani, majirani humsalimia kwa mshangao, na mmoja atamuuliza kama huko nyumbani kuna tatizo.

Maswali hayo hayana ubaya, lakini yana nguvu. Yamewashusha watu wengi kwenye baiskeli kuliko maumivu ya magoti.

Nchi ya miamba na upepo

Singida ni mahali pazuri pa kuanza upya. Mji uko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si la Dar es Salaam. Ardhi inapanda na kushuka taratibu. Kila upande kuna miamba mikubwa ya mawe, mingine imekaa juu ya mingine kana kwamba kuna mtu aliyeipanga. Upande wa kaskazini wa mji kuna Ziwa Singidani, na upande wa kusini kuna Ziwa Kindai. Yote mawili yana maji ya chumvi, na kuna nyakati ambapo flamingo na ndege wengine wa majini huonekana kando yake.

Kutoka mjini njia ni nyingi. Barabara ya Dodoma inaelekea kusini kupitia Ikungi na Manyoni. Ya Babati inaelekea mashariki kupitia Katesh, na siku ya hewa safi Mlima Hanang huonekana mbele, umesimama peke yake. Ya Mwanza inakwenda kaskazini magharibi kupitia Misigiri hadi Sekenke, palipochimbwa dhahabu tangu enzi za Mjerumani, kisha inateremka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Ipo pia njia ya Ilongero, inayopita katikati ya mashamba na vijiji vya Wanyaturu. Mvua zikiisha mwezi Aprili au Mei, njia hizi hubaki kavu kwa miezi.

Jambo moja ambalo hakuna mgeni wa Singida anayelisahau ni upepo. Mkoa huu umetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo, na anayeendesha baiskeli anaelewa kwa nini bila kuelezwa. Wakati wa kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Anayekwenda upande wa Katesh anaupokea usoni. Anayerudi mjini anasukumwa mgongoni.

Ukinzani wa hewa hauongezeki kidogo kidogo. Mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa anapambana na hewa kama anayekwenda kilomita 30 siku isiyo na upepo, na nguvu ya hewa inayomrudisha nyuma ni mara nne ya ile ambayo angeikuta siku tulivu. Ndiyo maana kijana wa miaka ishirini anayeng'ang'ania kutunza mwendo uleule hufika amechoka hoi, wakati mzee aliyebeba matenga ya kuku anafika na kuanza biashara.

Mzee huyo hana miguu yenye nguvu kuliko kijana. Amejifunza kupunguza mwendo mapema, kuinama kidogo, kupumzika kwenye mteremko, na kuondoka alfajiri kabla upepo haujashika kasi. Mzazi aliyevuka arobaini akirudi kwenye baiskeli anahitaji kujifunza hayo hayo, kwa sababu nguvu alizokuwa nazo zamani hazipo zote.

Mwili baada ya miaka arobaini

Mabadiliko yenyewe yanajulikana. Kuanzia miaka ya thelathini, misuli huanza kupungua kidogo kidogo. Uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni wakati wa kazi ngumu hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua pia. Kwa kanuni ya haraka ya kutoa umri kwenye 220, kijana wa miaka 25 anaweza kufikia mapigo 195 kwa dakika, na mtu wa miaka 50 mapigo 170. Macho huanza kuomba miwani ya kusomea. Kwa mwanamke, kukoma kwa hedhi kunaharakisha kupungua kwa uimara wa mifupa.

Hakuna baiskeli inayozuia miaka kupita. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni matokeo ya kukaa. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na King's College London nchini Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, wanaume 84 na wanawake 41. Hawakuwa mabingwa. Sharti lilikuwa mwanaume aweze kwenda kilomita 100 ndani ya saa sita na nusu, na mwanamke kilomita 60 ndani ya saa tano na nusu. Watafiti walikuta kwamba misuli na nguvu zao hazikupungua kama ilivyotarajiwa kwa umri huo, na mafuta ya mwili na lehemu havikuongezeka. Hata kinga ya mwili ilishangaza: tezi inayotengeneza chembe za kinga, ambayo kwa kawaida husinyaa kadiri mtu anavyozeeka, ilikuwa ikitoa chembe nyingi kama ya kijana.

Kilomita 100 ndani ya saa sita na nusu ni wastani wa kilomita 15 hivi kwa saa. Huo ni mwendo ambao muuza maziwa wa Singida anaufahamu vizuri.

Kwa wanaodhani wamechelewa, upo mfano wa Mfaransa Robert Marchand. Alirudi kwenye baiskeli kwa dhati akiwa amekaribia miaka 70. Januari 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja uwanjani karibu na Paris.

Nyumbani pia kuna mfano, ingawa si wa baiskeli. Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na miaka 45 na alikuwa Rais. Siku hizi upo msafara wa baiskeli wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam kwenda kijiji alikozaliwa Mwalimu kuelekea Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Hakuna anayewauliza washiriki wake kama usafiri wao umeharibika.

Dakika kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mzazi anayekaa pembezoni mwa mji, tuseme Mandewa au Kititimo, akitumia dakika 15 kwenda kazini na 15 kurudi kwa siku tano, ameshazipata dakika hizo zote. Hakulipa ada ya mazoezi wala hakuamka usiku kukimbia barabarani. Nauli ya bodaboda ya wiki nzima imebaki mfukoni, na kwa familia yenye watoto watatu shuleni, nauli hiyo ni madaftari.

Kipimo cha mwendo unaofaa ni rahisi: anayeendesha aweze kuzungumza sentensi nzima, lakini asiweze kuimba. Akishindwa kuzungumza, apunguze. Wiki mbili za kwanza zitoshe kuzoea. Baada ya hapo anaweza kuongeza safari ya Jumamosi, kilomita kumi kwenda na kumi kurudi, kwa mfano njia ya Ilongero.

Hapo ndipo somo la upepo linapotumika. Kwenye safari ya kujifurahisha, ni vizuri kuanza upande upepo unakotoka, wakati miguu ina nguvu, ili kurudi kuwe kwepesi. Wengi wanaoanza hufanya kinyume. Wanasukumwa na upepo hadi mbali, wanajiona wamerudia ujana, kisha wanageuza na kukuta kazi yote ilikuwa inawasubiri.

Mlima wa Sekenke usubiri. Kuupanda kunahitaji mazoezi ya miezi, na kuuteremka kunahitaji breki nzuri na akili iliyotulia, kwa kuwa malori yanayokwenda Kanda ya Ziwa na nchi jirani hupita hapohapo.

Kabla ya kuitoa stoo

Mtu aliyevuka arobaini ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi aanze zahanati au kituo cha afya. Apime shinikizo la damu na sukari. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia, kinahitaji ushauri wa daktari. Hilo halimaanishi baiskeli imekatazwa. Mara nyingi mgonjwa wa shinikizo hushauriwa afanye mazoezi, ila kwa utaratibu. Anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana isivyo kawaida ashuke mara moja na aende hospitali.

Baada ya hapo baiskeli iende kwa fundi. Breki zikazwe, mnyororo upakwe mafuta, spoku zilizolegea zinyooshwe. Kama ni baiskeli nzito isiyo na gia, fundi anaweza kuweka sproketi kubwa zaidi nyuma. Mwendo utapungua kidogo, lakini magoti yatashukuru kwenye kila kilima.

Kiti ndicho chanzo cha maumivu mengi. Watu wengi huendesha kiti kikiwa chini mno, na magoti hulipa. Njia ya kukipima ni kukaa juu yake na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Wakati wa kuendesha, sehemu ya mbele ya mguu ikiwa ndiyo inayokanyaga, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Anayehisi ganzi sehemu za siri asivumilie. Abadilishe kiti au akilaze kidogo mbele, na awe anasimama juu ya pedali mara kwa mara.

Kwenye barabara kuu, nguo ya rangi inayoonekana na kofia ngumu ni lazima. Macho ya miaka hamsini hayaoni vizuri jioni kama ya miaka ishirini, kwa hiyo safari iishe kabla ya giza. Upepo wa Singida nao una hila yake: lori likipita karibu hukata upepo kwa sekunde moja kisha huuachia ghafla, na asiyejiandaa huyumba. Anayeona lori kwenye njia nyembamba ashike usukani kwa mikono miwili na asogee pembeni mapema. Maji yabebwe hata kama kuna baridi, kwa sababu hewa kavu na upepo hukausha jasho kabla mtu hajajua kwamba ametoka jasho.

Mama naye

Mara nyingi habari za baiskeli huandikwa kana kwamba zinawahusu akina baba peke yao. Katika vijiji vingi msichana hupanda baiskeli hadi anapoolewa, kisha inakuwa ya mume. Mama hubaki kubebwa kwenye keria.

Lakini mwili wa mama wa miaka 45 au 50 ndio wenye sababu nyingi zaidi za kuendelea kusogea. Baiskeli yenye fremu iliyoinama inamruhusu kupanda akiwa na gauni au kitenge. Kinga ya mnyororo huzuia nguo isinaswe. Jambo moja tu alijue: kuendesha baiskeli ni kuzuri kwa moyo, misuli na magoti, lakini mifupa haiimariki sana kwa kazi ya kukaa kitini. Inahitaji kubeba uzito wa mwili. Kutembea kwa haraka, kupanda kilima kwa miguu, kuchuchumaa na kuinuka mara kadhaa na kubeba mizigo ya kiasi vinakamilisha kile ambacho baiskeli haiwezi. Vivyo hivyo kwa baba, hasa anayeshinda ofisini.

Wanaotazama

Mtoto wa miaka kumi na mbili haelewi lehemu wala shinikizo la damu. Anaelewa anachokiona. Akimwona baba anaita bodaboda ya kwenda dukani mtaa wa pili, atajua kwamba mtu mzima hatembei. Akiwaona wazazi wote wawili wakiitumia baiskeli bila kuona haya, hataiacha siku atakapopata mshahara wa kwanza.

Kuna hesabu nyingine ambayo wazazi wengi hawapendi kuipiga. Mtu aliyezaa mtoto wa mwisho akiwa na miaka 40 atakuwa na miaka 60 na kidogo mtoto huyo anapomaliza chuo, na karibu 70 anapowaletea wajukuu. Kiharusi cha miaka 55 kinavunja hesabu hiyo katikati. Familia huuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha shamba. Mtoto mmoja, mara nyingi binti, huacha masomo akamuuguza mzazi. Watu wa Singida wameziona nyumba za namna hiyo, kama zilivyo kila mkoa.

Mazoezi hayamhakikishii mtu kwamba hataugua. Yanapunguza uwezekano, na yanampa anayeugua mwili wenye akiba. Kwa mzazi, akiba hiyo ni ya watoto pia, sawa na ile iliyoko benki au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

Mafundi baiskeli bado wapo Singida, wengi wao chini ya mti, wakiwa na beseni la maji la kutafutia pancha, gundi, viraka na pampu ya mkono. Wateja wao wakubwa ni wauza kuku, wauza maziwa na wanafunzi. Baiskeli iliyolala stoo miaka mitano kwa kawaida haihitaji zaidi ya tyubu mbili, raba za breki na mafuta ya mnyororo. Mzazi akiipeleka Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri inaweza kuwa barabarani, kabla upepo haujaamka.